Jinsi ya kunakili picha ya Bibi Pompadour kwa chaki, ukiwa Lamu

Nimeichora picha hii mara tatu. Ya kwanza iliota kuvu. Ya pili niliiharibu kwa mkono wangu, kwa mkebe wa dawa ya nywele. Ya tatu ndiyo inayoning'inia Shela mpaka leo. Mengi ya haya ninayoandika yametoka kwenye zile mbili zilizonitia hasara.

Kazi yenyewe ilinijia kwa njia ya hina. Mgeni mmoja mwenye nyumba Shela aliniita nimpake bintiye kabla ya harusi, akakaa pembeni akinitazama ninavyolizungusha ua bila kuinua koni. Nilipomaliza akaniuliza kama naweza kumchorea picha ya ukutani. Nikamwambia naweza. Msimu wa harusi ulikuwa unakwisha, na mwenye njaa hachagui. Akanionyesha kwenye simu: mwanamke amekaa kitini, gauni limemwagika mpaka chini, meza ya vitabu ubavuni mwake. Akasema aitaka kwa chaki, kama ilivyo ile ya asili.

Basi jambo la kwanza, hakikisha ni picha ipi. Bibi huyu, kipenzi wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, alichorwa mara nyingi. Tunayoisema hapa ni ya mchoraji Maurice Quentin de La Tour, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1755, na sasa iko kwenye makumbusho ya Louvre. Mimi nilikwenda saiba kuchapisha, kijana akaandika jina kwenye mtandao, akanitolea mwanamke wa gauni la kijani lenye riboni na maua ya waridi, na kijibwa kando yake. Hiyo ni ya François Boucher, ya mwaka 1756, iko Munich, na ni ya rangi za mafuta. Nzuri, lakini siyo. Nililipia karatasi ya bure. Ukiona gauni jeupe lenye matawi ya dhahabu na mama ameshika karatasi za muziki, hapo ndipo.

Na umjue unayemchora, maana mkono hufuata moyo unachokijua. Jina lake la kuzaliwa ni Jeanne-Antoinette Poisson, alizaliwa Paris tarehe 29 Desemba 1721, si kwenye ukoo wa kifalme wala wa mabwana wakubwa. Poisson kwa Kifaransa ni samaki. Mahasidi wake walimtungia mashairi ya kejeli, wakayaita poissonnades, kama kusema nyimbo za samaki. Sisi watu wa Lamu hatuna haja ya kufunzwa shairi linavyoweza kumla mtu. Huko Versailles, kwenye jumba la mfalme, lilimla mtungaji: mwaka 1749 waziri wa majeshi ya bahari, Maurepas, alivuliwa cheo akafukuzwa mjini kwa ajili ya ubeti alioshukiwa kuwa ni wake.

Alikuwa mke wa mtu tayari alipokutana na mfalme Louis wa 15, Februari 1745, kwenye dansi ya vinyago ambayo mfalme alihudhuria amevaa kama mti uliopunguzwa matawi. Mwaka huohuo akapewa cheo cha Marquise de Pompadour na vyumba juu ya vyumba vya mfalme.

Mpwa wangu anayenisaidia kusaga rangi aliniuliza, "Khalati, kwa hivyo alikuwa suria?" Nikakaa nikafikiri. Suria hakuchagua kuja. Alinunuliwa, na akimzalia bwana wake, mtoto ni halali na anarithi. Seyyid Majid na Seyyid Barghash waliotawala Unguja, mama zao walikuwa masuria. Huyu wa Ufaransa hakununuliwa na mtu, na mtoto wa namna hiyo huko hakalii kiti cha baba yake. Hawara ni tusi, tena hawara hufichwa, na huyu alitambulishwa mbele ya malkia mchana kweupe. Kimada kinakaribia, ila kimada hana ofisi. Mwisho nikamwambia mwite Bibi Pompadour, tuendelee na kazi.

Lakini kuna jambo moja lazima ulishike kabla ya kugusa karatasi. Kufikia mwaka 1755, mambo ya kitandani kati yake na mfalme yalikuwa yamekwisha kwa miaka kama mitano. Alibaki rafiki na mshauri mpaka alipokufa, 15 Aprili 1764, akiwa na miaka 42. Jiulize: mwanamke aliyewekwa kwa ajili ya uzuri, uzuri ukishaacha kuwa kazi yake, anabakije ndani ya nyumba ile? Jibu lake liko mezani kwake. Ndiyo maana mimi huanza na meza, na uso naufanya mwisho.

Sasa karatasi. La Tour alitumia karatasi ya buluu, vipande kadhaa vilivyounganishwa, kwa kuwa picha ni kubwa: sentimita 178 kwenda juu na 136 kwa upana. Wewe fanya nusu yake, 89 kwa 68. Karatasi ya manila ya madukani ni laini mno, chaki inateleza kama mguu kwenye ngazi ya gati maji yakipwa. Tafuta karatasi nzito yenye mkwaruzo, hata ikiwa nyeupe, kisha itie rangi mwenyewe. Mimi natumia buluu ya kufulia. Koroga kidogo kwenye bakuli la maji mpaka yafanane na bahari ya asubuhi ndani ya mkondo, pitisha kwa sponji mara moja, uiache ikauke juu ya ubao imebanwa pembe nne. Usirudie ikiwa mbichi, itatoka madoa. Kama karatasi moja haitoshi unga mbili, na mshono uupeleke mahali pa gauni penye mkunjo wenye kivuli. Pale hauonekani.

Chaki za ubaoni za shule hazifai. Ni ngumu na rangi yake ni kidogo. Agiza chaki laini za wachoraji kutoka Mombasa au Nairobi. Huhitaji boksi kubwa. Buluu tatu, kijivu mbili, kahawia mbili, manjano ya haradali, manjano mepesi, waridi mbili, rangi ya ngozi, kijani iliyofifia, nyeusi moja utakayoigusa mara chache, na nyeupe mbili kwa sababu moja itakwisha.

Chagua miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa ikiwa kavu. Picha yangu ya kwanza niliianza masika, nikawa naiegemeza kwenye ukuta wa chumba cha chini. Kuta zetu ni za matumbawe, zinanyonya maji na chumvi kutoka ardhini. Baada ya wiki tatu gauni likawa na madoadoa ya kijani mgongoni, na nilipolifuta likafutika pamoja na kuvu.

Kupima ni kazi fupi. Chapisha picha ya sentimita 35.6 kwa 27.2, inaingia kwenye karatasi ya A3. Piga miraba ya sentimita 2 kwenye chapa, na ya sentimita 5 kwenye karatasi yako, kwa chaki ya kijivu isiyobonyezwa. Hamisha mistari mikuu tu: kiti, meza, pindo la gauni, mabega, kichwa. Usitumie penseli ya risasi, inang'aa chini ya chaki na haifichiki.

Haya, meza. Ukiingia kwenye nyumba ya mawe hapa Mkomani, ndani kabisa, unakuta ukuta wa zidaka. Kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo umeshasoma: sahani za Kichina ngapi, msahafu uko wapi, kidaka kipi kimeachwa tupu kwa kuwa kilichokuwemo kimeuzwa. Meza ya Bibi Pompadour ni zidaka zake. Vitabu vimesimamishwa na majina yanasomeka migongoni: tamthilia ya Guarini, utenzi wa Voltaire kuhusu mfalme Henri, kitabu cha Montesquieu juu ya sheria, na juzuu ya nne ya Encyclopédie, kamusi ile kubwa ya elimu zote ambayo juzuu zake mbili za mwanzo zilipigwa marufuku na baraza la mfalme mwaka 1752. Mwanamke wa mfalme ameweka mezani kitabu ambacho serikali ya mfalme ilikikataza, kisha akaalika watu waje kutazama. Mimi nilipojua hilo nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kuna nini.

Kando ya vitabu kuna tufe la dunia. Karatasi iliyochapishwa inaning'inia ukingoni mwa meza, na juu yake pameandikwa kwa Kilatini Pompadour sculpsit, yaani Pompadour amechonga: alijifunza mwenyewe kuchonga picha za kuchapishwa. Chini limeegemezwa jalada kubwa la michoro. Nyuma yake kuna gita. Tafuta vito sasa. Shingoni hana kitu. Mkononi hana kito. Mwanamke aliyeweza kuvaa almasi za Ufaransa nzima amekaa shingo tupu. Kwetu harusini shingo tupu ni aibu ya ukoo. Kwake ilikuwa ni kusema: msinitazame shingo, someni meza.

Kwa hiyo usivifanye vitabu kuwa mapambo ya nyuma. Vichongee chaki kwa wembe mpaka iwe na ncha, weka kwanza rangi ya ngozi ya kitabu, kahawia juu na kahawia nzito chini, halafu herufi kwa manjano ya haradali. Andika majina kweli, herufi kwa herufi. Mchoraji mvivu huweka vistari vya kudanganya, na mteja wangu alikuwa Mfaransa, alisogea na miwani akasoma kila mgongo. Kama ningeweka vistari ningerudishiwa picha.

Gauni ndilo litakalokula siku zako. Ni atlasi, ile hariri inayong'aa tunayoishonea magauni ya bibi harusi, na waliovaa atlasi wanajua kwamba haina rangi moja. Kabla ya kuichora, azima kipande cha atlasi nyeupe kwa fundi cherehani, kitupie juu ya kiti karibu na dirisha saa nne asubuhi, ukae mbele yake bila kuchora. Utaona nyeupe ni kidogo sana. Kwenye mkunjo pana buluu, chini ya mkunjo pana kijivu chenye manjano kidogo, na kama sakafu ni ya rangi, rangi ya sakafu imepanda mpaka kwenye pindo. Weupe wenyewe umekaa sehemu nne au tano tu, mgongoni mwa mikunjo mikubwa, na ni mstari mwembamba kama uzi.

Fanya vivyo hivyo. Karatasi yako ni ya buluu tayari, hivyo kivuli umeshapewa bure. Usiijaze. Pitisha kijivu chepesi kwa ubavu wa chaki, siyo kwa ncha, ukifuata kitambaa kinavyoanguka: kutoka kiunoni kwenda nje, kisha chini. Lainisha kwa kidole kidogo cha mkono. Sisi wapaka hina tuna desturi ya kushika kila kitu kwa ncha za vidole. Hapa iache, mkono mzima ndio unaojua atlasi. Weka buluu hafifu kwenye mabonde, waridi kidogo sana kuelekea kiunoni. Kisha simama, nenda hatua sita nyuma, tazama. Nyeupe ije mwisho kabisa, ibonyeze mara moja kwa kila mstari na usiilainishe. Ukiigusa kwa kidole imekufa, imegeuka unga.

Matawi ya dhahabu yaliyotarizwa juu ya kitambaa yalinipa taabu siku mbili, mpaka nilipokumbuka joho la zari alilokuwa akivaa babu yangu siku za Idi. Zari ukiisogelea siyo dhahabu. Ni kahawia, kahawia, kahawia, kisha nukta moja inayowaka. Basi chora tawi lote kwa kahawia, pitia upande unaoelekea mwanga kwa haradali, halafu nukta za manjano mepesi pale tu ambapo tawi linapanda juu ya mkunjo. Tawi likizama bondeni liache limefifia, hata likatike. Ukilifuatisha lote kwa mng'ao mmoja litaonekana limebandikwa juu ya nguo, kama kibandiko cha daftari. Usinunue rangi ya dhahabu ya chupa. Nasema hivyo kwa sababu najua utashawishika.

Viatu, mguu wa meza, ukuta wa buluu na kijani nyuma: fanya haraka, kwa ubavu wa chaki, usivishindane na gauni.

Uso. La Tour aliuchora kwenye karatasi ya peke yake, kisha akaubandika mahali pake kwenye picha kubwa. Alikuwa bwana wa nyuso, na mjini kwao Saint-Quentin imehifadhiwa michoro yake mingi ya maandalizi, vichwa vitupu bila mabega. Hii ni hila ya kumwibia. Chora uso kwenye kipande cha karatasi ileile uliyoitia buluu siku ileile, ukiharibika tupa, chora mwingine, gauni lako limesalimika. Mimi nilitupa minne.

Bibi huyu hatutazami sisi. Macho yameondoka kwenye muziki alioushika mkononi yakaenda pembeni, kana kwamba mtu amebisha hodi. Kosa langu la nyuso tatu za kwanza lilikuwa kumfanya atabasamu. Midomo imefungwa, pembe zake zimelegea kidogo tu. Mwaka mmoja kabla ya picha kuonyeshwa, Juni 1754, alimzika bintiye Alexandrine, mtoto wa miaka tisa. Sikusema huzuni imo usoni, nimetazama sana sikuiona. Nasema tu kwamba nilipolijua hilo niliacha kumtabasamisha, na uso wa tano ukakubali.

Rangi ya ngozi anza na waridi na manjano mepesi juu ya buluu ya karatasi, ukiacha buluu ichungulie kwenye kipaji na chini ya taya. Mashavu yamepakwa rangi, ni mitindo ya huko, usiogope kuyatia wekundu. Mwanga wa jicho ni nukta moja kila upande. Ukibandika uso, tumia uji wa ngano mwepesi, pembeni tu, na mshono uufiche kwa nywele na kivuli cha shingo.

Mzee mmoja mtaani alinikuta barazani na uso ule mikononi, akaniuliza kwa upole kama siku ya hesabu nitaweza kuutia roho. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nauchora mpaka kwenye nguo tu." Akacheka, akapita. Kama wewe una shaka na sura, hakuna ubaya ukiichora meza peke yake. Nimemchorea mtu mmoja meza ile bila bibi, ikampendeza.

Vumbi la chaki usilipulize, utalivuta mwenyewe. Simamisha ubao, ugonge nyuma kwa kidole, lianguke chini kwenye gazeti. Jifunge mtandio puani.

Kisha utafika pale ambapo kila mtu anaharibu: kuigandisha. La Tour mwenyewe alihangaika maisha yake yote akitafuta dawa ya kuishika chaki isidondoke, na majaribio hayo yaliziharibu baadhi ya kazi zake. Mimi nilichukua mkebe wa dawa ya nywele. Atlasi yote niliyoisotea siku nane ikageuka rangi ya uji wa mtama mbele ya macho yangu. Usipulizie kitu. Chaki inalindwa kwa kioo, basi. Lakini kioo kisiguse picha. Mwambie fundi wa fremu akate kadibodi nene izunguke pande zote, ibaki nafasi ya nusu sentimita kati ya chaki na kioo, na usimame palepale mpaka amalize, maana ataona ni uzushi wa mwanamke.

Bei mwafikiane kabla ya uso. Inasimuliwa kwamba La Tour aliomba livre 48,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, akapewa 24,000. Mimi niliomba nikijua nitakatwa nusu, na nilikatwa nusu.

Kuipeleka Shela nilingoja maji kujaa na asubuhi isiyo na upepo. Ilifungwa kwa kanga mbili na nailoni juu, ikalazwa chali ndani ya mashua, uso ukitazama mbingu, mpwa wangu kakaa upande wa mawimbi kwa mgongo. Kule nikakuta msumari umeshapigwa kwenye ukuta wa nje unaotazama bahari. Nikamwomba mwenyewe aung'oe. Tukaitundika ukuta wa katikati ya nyumba, pasipofika jua, na nyuma ya fremu nikagundisha vizibo vinne vya chupa, kimoja kila pembe, ili hewa ipite kati yake na matumbawe. Kila kaskazi ikianza nakwenda kuishusha, nanusa mgongo wake kama kuna kuvu, nabadilisha kizibo kilichooza, nairudisha.